Bustani ya mtaa, watoto na mbwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara langoni, mmoja kashika kigari cha mtoto, mwenzake anavutwa na mbwa. Ya anayekwenda kwa mara ya kwanza yako juu, ya siku mambo yameharibika yako chini. Kama kuna mtu ameng'atwa sasa hivi, usisome kwa mpangilio: shuka moja kwa moja hadi "Mbwa amemng'ata mtu".

## Kabla ya kutoka nyumbani

Nitajuaje kama mbwa wanaruhusiwa?

Soma kibao cha langoni, na ukisome mpaka mstari wa mwisho. Juu huandikwa kwa herufi kubwa kwamba mbwa wanaruhusiwa. Chini, kwa herufi ndogo, ndiko yaliko masharti: kamba muda wote, wasivuke uzio wa bembea, wasiingie bwawani, pengine waje saa fulani tu. Bustani nyingi za namna hii zina sehemu tatu. Kuna ambako mbwa hakanyagi kabisa, yaani eneo la michezo ya watoto na mara nyingi viwanja vya mpira. Kuna njia na nyasi ambako anapita akiwa na kamba. Na zilizojaliwa zina kiwanja cha mbwa chenye uzio, ambako anaachiwa.

Pasipo na kibao, chukulia kwamba kamba inatakiwa na bembea ni mwiko, kisha muulize mlinzi au mtunza bustani. Kuona mbwa wengine wamo ndani si ruhusa. Huenda na wenyewe waliona wengine wakaingia.

Saa gani ni nzuri kwenda?

Inategemea unakwenda na nani. Asubuhi na mapema bustani ni ya wenye mbwa na wanaokimbia mazoezi. Nyasi bado zina umande, kelele hakuna, na mbwa mwoga anapata nafasi ya kunusa bila kushtuliwa. Watoto wadogo huja baadaye kidogo, kabla jua halijakolea. Shule zikishafungwa alasiri, bembea zina foleni na mipira inapita kila upande. Saa hiyo mbwa mwenye tabia ya kufukuza kila kinachokimbia abaki nyumbani.

Ushauri ambao watu huucheka kwanza: safari ya mwanzo nenda bila mbwa. Kaa kwenye benchi nusu saa. Utajua mbwa walioachiwa hutokea upande gani, lango lipi halifungi vizuri, bomba la maji liko wapi, na kama chooni kuna pa kumbadilishia mtoto nepi.

Nibebe nini?

Maji ya kuwatosha wote, bakuli la mbwa, kofia, nepi, kitambaa na kipande cha sabuni. Mifuko ya kinyesi iwe mitatu. Mmoja hautoshi, maana mbwa akitembea tumbo nalo linatembea, na wengi hurudia kabla hamjamaliza mzunguko. Ongeza vipande vya chakula anachokipenda, vidogo kama punje ya mahindi. Hivyo ndivyo vitakavyomrudisha ukimwita.

Angalia pia kama kola ina kisahani chenye namba yako ya simu. Chipu ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi ni nzuri, lakini inataka mashine ya kuisoma. Namba ya simu inasomwa na yeyote mwenye macho.

Mbwa awe na chanjo gani?

Ya kichaa cha mbwa kwanza, hiyo haina mjadala. Halafu zile za distempa, parvo na homa ya ini ya mbwa, na pale daktari wa mifugo anaposhauri, ya leptospira, ugonjwa ambao wengi wanaujua kwa jina la homa ya mgunda. Dawa ya minyoo na kinga ya kupe na viroboto ziende kwa ratiba. Cheti kipige picha kikae kwenye simu. Siku ya kuulizwa huwa ndiyo siku makaratasi yamebaki kabatini.

Mtoto wa mbwa aanze kuja akiwa na umri gani?

Hapa pana mvutano. Mbwa hujifunza kuizoea dunia kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya 3 na kama ya 14 ya maisha yake. Asiyeona watoto, baiskeli na miavuli kipindi hicho anaweza kuviogopa ukubwani, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeng'ata. Upande wa pili, chanjo zake za mfululizo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka atimize wiki 16, na virusi vya parvo hukaa udongoni miezi mingi, hata kupita mwaka, vikimsubiri.

Njia ya kati ni kumbeba. Kaa naye mapajani kwenye benchi, aone, asikie, anuse upepo, asiweke mguu chini kwenye nyasi wanakojisaidia mbwa wasiojulikana. Dakika 15 zinatosha. Ukiona ameficha kichwa kwapani mwako, rudini nyumbani.

## Kamba

Mbwa wangu hana neno. Kwa nini nimfunge?

"Hana neno huyu!" ndiyo sentensi inayotangulia karibu kila balaa nililoliona bustanini. Tena mara nyingi ni kweli, mbwa hana neno. Lakini mtoto wa miaka miwili uso wake uko sawasawa na mdomo wa mbwa mkubwa, na haoni upole, anaona meno. Mzee mwenye mkongojo haogopi kung'atwa, anaogopa kusukumwa. Na mbwa anayekuja mbele, aliyefungwa kamba kwa sababu aliwahi kuumizwa, hajui kama wako ni mpole. Anaona mwenzake huru anamjia mbio naye hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo kamba si adhabu ya mbwa mkorofi. Inawaambia wengine wote kwamba mbwa huyu atafika pale tu mwenyewe atakapotaka afike. Ukimfunga, mama wa kwenye mkeka anaendelea na mazungumzo yake. Ukimwachia, anainuka na kumbeba mtoto, hata kama hakusemi.

Kamba ya namna gani, na ifungwe wapi?

Ya kitambaa au ngozi, urefu wa mita 1.5 hadi 2. Kwa mbwa anayevuta, mkanda wa kifuani ni bora kuliko kola, maana haumkabi koo. Kola ibaki kwa ajili ya kisahani cha namba, na iache nafasi ya vidole viwili.

Kamba za kujikunja, zile zenye mpini wa plastiki na uzi mwembamba ndani, siziafiki penye watoto. Niliwahi kusimama nikiongea, mbwa wangu akamzunguka msichana mdogo aliyekuwa anaokota majani. Akaona ndege. Uzi ukakaza kwenye shavu la mguu wa mtoto, ukapita kama msumeno. Haikuchukua hata pumzi mbili, na alama nyekundu ilibaki mguuni siku kadhaa. Mpini ule niliutupa jioni ileile.

Ninaweza kumwachia wapi?

Kwenye kiwanja cha mbwa chenye uzio, au eneo ambalo kibao kinasema hivyo waziwazi. Viwanja vya aina hiyo si vya zamani sana. Kinachotajwa mara nyingi kama cha mwanzo ni Ohlone Dog Park cha Berkeley, California, kilichoanza 1979.

Kabla hujamwachia, jipime: ukimwita mara moja, wakati mbwa mwingine anapita mbio, anakuja? Kuja sebuleni hakuhesabiki. Kama unamwita mara nne huku sauti ikipanda, bado. Ndani ya uzio mvue kamba palepale langoni, kwa sababu mbwa aliyefungwa katikati ya walio huru hujiona ametegwa. Na watoto wadogo wasiingie humo hata wakilia. Mbwa wanaofukuzana hawana breki.

Mtoto anaweza kumshika mbwa kamba?

Anaweza kushika kamba ya pili. Funga kamba mbili: moja yako, ndiyo ya kazi, nyingine ya mtoto, ya kujisikia mkubwa. Asiizungushe kwenye kiganja wala kiunoni. Mbwa wa kilo 20 akiamua kumfuata paka anamburuta mtoto bila kugeuka nyuma.

Nimfunge kwenye benchi nikimsukuma mtoto bembea?

Hapana. Mbwa aliyefungwa peke yake hana pa kukimbilia, na kila mtoto anayepita anaona mwaliko wa kumpapasa. Anaweza pia kuibiwa, au kuivuta benchi yenyewe kama ni ya kubebeka. Hili nimelishuhudia, ingawa ilikuwa kiti cha plastiki. Mwende watu wazima wawili, mmoja wa mbwa, mmoja wa bembea. Ukiwa peke yako, chagua leo ni siku ya nani.

## Mtoto na mbwa asiyemjua

Mtoto amsalimie vipi?

Ruhusa ziombwe mara mbili: kwa mwenye mbwa, kisha kwa mbwa mwenyewe. Ya kwanza wengi wanaifundisha, ya pili inasahaulika.

Mwenye mbwa akikubali, mtoto asimame ubavuni mwa mbwa, si mbele yake, mkono ukining'inia. Asiusukume puani. Mbwa akitaka, atasogea mwenyewe anuse. Akisogea, mtoto ampapase begani au kifuani mara tatu hivi, kisha aondoe mkono asubiri. Mbwa akiegemea au kusogea tena, amekubali. Akigeuza uso, akijilamba pua, akipiga mwayo au kurudi nyuma, amekataa kwa adabu, na jibu lake liheshimiwe. Asimpapase utosini wala asimkumbatie. Kumbato ni upendo kwetu, kwa mbwa wengi ni kubanwa.

Mbwa anayekula, aliyelala, au mwenye watoto wake haombwi ruhusa. Anaachwa. Hali kadhalika mwenye utepe wa njano kwenye kamba: alama hiyo hutumiwa sehemu mbalimbali kusema huyu anahitaji nafasi.

Akitikisa mkia si ndiyo amefurahi?

Si lazima. Mkia unasema mbwa ameamshwa na jambo, hausemi ni jambo gani. Mkia wa chini au wa usawa, unaopepea mpaka makalio yanayumba, huwa ni furaha. Uliosimama juu kama mti, unaotikisika kidogo na haraka, huku mwili umekakamaa na mdomo umefungwa, ni onyo. Uliofyatwa katikati ya miguu ni hofu.

Uangalie mwili mzima. Akiinamisha kifua chini na kuacha makalio juu, anaalika mchezo. Ukiona weupe wa jicho kama mwezi mwembamba, amegeuza kichwa lakini jicho halijaondoka kwako, mwondoe mtoto polepole. Na mbwa anayenguruma asigombezwe. Amekuonya. Mbwa aliyefundishwa kutonguruma hung'ata bila kubisha hodi.

Mbwa akimjia mtoto wangu mbio?

Mtoto asikimbie wala kupiga kelele, kwa sababu vyote viwili vinaufanya mchezo unoge. Mfundishe "kuwa mti": miguu ibaki pamoja, mikono ikunjwe kifuani, macho yatazame vidole vya miguu, kimya. Mbwa wengi hunusa, huchoka, hujiondokea. Akiangushwa, awe jiwe: alale kifudifudi amejikunja, viganja vikifunika shingo na masikio. Kwa watoto wadogo majeraha mengi huwa kichwani na shingoni, kwa hiyo viganja hivyo si mapambo.

Ufanyeni kama mchezo nyumbani, na wewe ujifanye mbwa. Mtoto aliyewahi kuwa mti mara ishirini sebuleni ataukumbuka. Aliyeelezwa mara moja kwa maneno atakimbia.

Wewe mzazi jiweke katikati, ubavu ukielekea kwa mbwa, usimkodolee macho. Kumnyanyua mtoto juu kwa haraka humfanya mbwa aruke kukifuata kinachopanda. Ukiweza kumficha nyuma ya miguu yako, ni bora.

Mtoto wangu anaogopa mbwa. Nimzoeshe?

Mzoeshe kwa umbali, si kwa mkono. Kaeni pale anapoweza kumtazama mbwa huku bado anakula au anacheza. Hapo ndipo pa kuanzia, hata kama ni hatua 50. Wiki hadi wiki sogeeni kidogo. Asiwepo mtu wa kumsogezea mbwa usoni akisema "shika tu, hana neno". Dakika moja ya hivyo inarudisha nyuma miezi mitatu.

Je, kama mtu mzima hataki kuguswa na mbwa wangu?

Hadaiwi sababu. Wapo wenye mzio, wapo waliowahi kung'atwa, wapo ambao dini yao inawataka waoshe kwa utaratibu maalumu mahali palipoguswa na mate ya mbwa. Fupisha kamba, pitia upande wa pili wa njia, mbwa awe upande wako wa nje. Kama amemlamba au kumgusa, omba radhi na mpe maji. Usianze kumhakikishia kuwa mbwa alioga jana.

Tunaweza kula wakati mbwa wapo?

Ndiyo, ila mkeka uwe mbali na njia yao, na chakula kikae kwenye chombo chenye mfuniko. Mtoto anayetembea na biskuti mkononi ameibeba usawa wa pua ya mbwa, na pua hiyo haijui kuomba. Wala mtoto asimlishe mbwa wa watu. Zabibu mbichi na kavu, chokoleti, vitunguu, na pipi au bazoka zisizo na sukari zilizotiwa xylitol ni sumu kwa mbwa, na mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Mkiondoka, kagueni chini ya benchi. Mbwa anayefuata ataanza kukagua hapo.

## Kwenye bembea na mtelezo

Kwa nini mbwa hafiki huko, hata mdogo, hata wa kubebwa?

Kwa sababu ya mchanga. Mtoto anauchezea mchanga kisha anaweka vidole mdomoni, na mayai ya minyoo ya mbwa (tazama swali la kinyesi) hayaonekani. Kisha kuna mwendo: bembea inakwenda mbele na nyuma, watoto wanapiga ukelele, mmoja anaruka kutoka juu. Kwa mbwa anayependa kufukuza, hapo pote ni mawindo. Wa kubebwa naye hushuka, tena kwa kurukia.

Niteleze na mtoto nimempakata?

Watu hufanya hivyo kwa mapenzi, na ndivyo miguu ya watoto inavyovunjika. Kiatu chake kinashika ukingo wa mtelezo, mwili wako mzito unaendelea kushuka, mfupa wa muundi unapinda mpaka unakatika. Kama hawezi kuteleza peke yake, mshike ukiwa umesimama pembeni, au asubiri akue. Mtelezo wa chuma uguse kwanza kwa mkono, jua likiwaka unaunguza. Kofia ngumu ya baiskeli, skafu na nyuzi za koti vivuliwe kabla ya kupanda. Vinanasa, na mtoto ananing'inia navyo.

## Usafi

Kinyesi cha mbwa si mbolea tu kama cha ng'ombe?

Si hivyo. Ng'ombe anakula majani, mbwa anakula nyama, na kinyesi chake kina vimelea vinavyoweza kuingia kwa binadamu. Minyoo duara ya mbwa, Toxocara, hutoa mayai ambayo siku ya kwanza hayaambukizi. Yanahitaji wiki kadhaa udongoni ili yapevuke, halafu yanaweza kuishi miaka. Kwa hiyo ukiokota leo umeokota kabla ya hatari. Ukiacha, mvua itakiyeyusha, nyasi zitaota zikapendeza, na mayai yatakuwa yamebaki palepale atakapotandikiwa mtoto mkeka. Viluwiluwi vyake vikiingia mwilini vinaweza kufika kwenye ini, mapafu, hata jicho. Minyoo ya safura ya mbwa yenyewe hupenya ngozi ya mguu peku na kuacha mstari mwekundu unaotambaa na kuwasha.

Kuokota: vaa mfuko mkononi kama glovu, shika, upindue, funga fundo. Kisha pipani. Kama pipa limejaa au halipo, rudi nacho nyumbani. Mfuko uliofungwa vizuri ukaachwa kando ya njia "nitauchukua nikirudi" ni mbaya kuliko kutookota, maana sasa ni kinyesi ndani ya plastiki.

Na mkojo?

Hauokotwi, lakini unaelekezwa. Mpeleke kwenye majani ya pembeni, si kwenye mguu wa benchi, gurudumu la kigari cha mtoto wala begi la mtu. Ukimwaga maji juu yake, nyasi haziungui.

## Joto, maji na wadudu

Jua kali, twende au tubaki?

Weka mgongo wa kiganja chako kwenye lami au saruji kwa sekunde saba. Ukishindwa, nyayo za mbwa nazo zitashindwa. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na jasho kidogo la nyayo halimsaidii sana. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41 ni dharura. Wenye pua fupi iliyobonyea, wanene na wazee huzidiwa mapema.

Dalili ni kuhema kwa kelele bila kupumzika, mate mazito, ufizi mwekundu sana, kuyumba, kutapika. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mpe maji ya kunywa kidogokidogo kama ana fahamu, halafu daktari. Kupoza kwanza, safari baadaye. Usimfunike kwa taulo bichi ukaliacha, linahifadhi joto. Mtoto mchanga kwenye kigari naye asifunikwe shuka la kumkinga jua: ndani pageuka tanuri.

Anywe maji ya bwawa au ya bakuli la wote?

Bora asinywe yote mawili. Maji yaliyotuama yanaweza kuwa na leptospira kutoka mikojo ya panya na wanyama wengine, na yakiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, huenda ni mwani wenye sumu inayoweza kumuua mbwa siku hiyohiyo. Bakuli la wote ni mate ya wote. Ndiyo maana tulisema ubebe la kwako.

Kupe?

Mkague mkirudi: masikio, kwapa, kati ya vidole, chini ya kola. Watoto pia, nyuma ya masikio na kwenye kinena. Mng'oe kwa kibano chembamba, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja bila kumsokota. Mafuta, kiberiti na mate ya tumbaku acha.

## Hali za pembeni

Mbwa jike wangu yuko kwenye joto, yaani anataka dume. Bado tuje?

Hapana, kwa wiki 3 hivi, wakati mwingine 4. Madume watavunja utii wote uliofundishwa, na mapigano yatazuka ambayo yeye si mshiriki. Tembeeni saa ambazo hakuna watu, njia nyingine kabisa.

Mbwa wa kumwongoza asiyeona yuko mbele yetu. Watoto wanataka kumgusa.

Yuko kazini. Asiitwe, asipigiwe mluzi, asilishwe, na mbwa wako afupishiwe kamba mpaka wapite. Ukitaka kusaidia, ongea na mtu, si na mbwa.

Kuna mbwa asiye na mwenyewe anazurura ndani.

Msimlishe, msimfukuze kwa mawe, msimkaribie. Waondoe watoto taratibu kisha mjulishe mlinzi au ofisi inayosimamia bustani. Akiwa anatoa povu, anayumba, anang'ata vitu ovyo, au kinyume chake amepooza taya na kujiegemeza kwa watu, usingoje kuhakikisha. Ondokeni wote.

Mwenye mbwa kakataa kumfunga. Nifanyeje?

Usianze na sheria, anza na wako: "Samahani, wangu ana hofu, naomba umshike kidogo tupite." Sentensi hiyo imenifanikishia mara nyingi kuliko kunyoosha kidole kibaoni. Ikishindikana, geuza njia, kisha peleka habari kwa wasimamizi ukitaja saa na mahali. Wakipata malalamiko sita ya saa ileile, wataweka mlinzi saa hiyo.

## Mambo yakiharibika

Mbwa wawili wanapigana. Tuwaachanishe vipi?

Usipeleke mkono kwenye kola wala midomoni. Hata mbwa wako mwenyewe atakung'ata, hajui ni wewe. Mwagia maji, gongesha vyuma, ingiza kitu katikati: mfuniko wa pipa, begi, mwavuli uliofunguliwa. Watoto kwanza waondolewe. Wakiachana, kila mmoja aende upande wake na msiwarudishe "wapatane". Kagua chini ya manyoya, tundu dogo la jino huficha jeraha pana chini ya ngozi.

Mbwa amemng'ata mtu.

Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili ukitazama saa. Ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoagiza, na dakika hizo ni ndefu kuliko unavyodhani ukiwa umemshika mtoto anayelia. Zihesabu hata hivyo. Usitie mkaa, mafuta wala unga wa dawa ya kienyeji, wala usilifunge likabana. Halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo tu uliotoa damu, au mbwa amelamba kidonda.

Haraka hiyo ni kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Virusi hukaa kwenye mate na kusafiri kwa mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, kwa kawaida kwa wiki au miezi, na katika muda huo chanjo inavizuia. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Zaidi ya asilimia 90 ya vifo vya binadamu kwa ugonjwa huu hutokana na mbwa, na watoto ni sehemu kubwa ya wanaong'atwa. Chanjo ya kumwokoa aliyekwisha kung'atwa ipo tangu 1885, Louis Pasteur alipoitumia kumtibu mvulana wa miaka 9, Joseph Meister.

Mwenye mbwa atoe jina, simu na picha ya cheti cha chanjo bila kuombwa mara mbili. Mbwa asiuawe wala kufichwa: mzima huwekwa chini ya uangalizi siku 10, na hali yake huwasaidia madaktari kuamua. Aliyetoroka akumbukwe rangi, ukubwa na upande alikoelekea. Hata hivyo hospitali isingoje apatikane.

Mbwa wangu kakimbia, simwoni.

Usimfukuze. Simama pale alipokuachia, maana mbwa wengi hurudi kwa kunusa njia yao wenyewe. Mwite kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwitia chakula, si ya kumtafuta. Ukimwona kwa mbali akisita, geuka, chuchumaa, au kimbia kuelekea upande mwingine: ataona sasa ni zamu yake kufukuza. Mwenzako azunguke kwenye malango, hasa yanayotokea barabarani, na amwambie kila anayepita.

Giza likiingia bila kumpata, acha pale fulana uliyoivaa na bakuli la maji, kisha urudi alfajiri. Akija, hata kama ni baada ya saa tano na moyo umekutoka, usimchape wala kumgombeza. Mvike kamba, mpe kipande chake.